Tao la Sita la Pont-Aubresse

Sparkbrook, Birmingham
6 Oktoba 2024

Dagane mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Huku tunaendelea, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto limeanza kunilaumu tangu baridi ibishe hodi, na dukani nina magauni mawili ya harusi ya kupunguza kiuno kabla ya Ijumaa, maharusi wote wawili wakinidanganya kwamba hawajanenepa. Hayo ndiyo yangu.

Sasa tuje kwenye letu. Tangu tulipotukanana kwenye simu mwezi wa nane, nambari yako nimeifunga na sina nia ya kuifungua. Lakini wewe ni ndugu yangu, na binti yako analala chumba cha pili. Kwa hiyo andika. Kwenye karatasi hakuna wa kumkatiza mwenzake. Na andika Kiswahili kile cha Isiolo tulichofundishwa kwa kiboko. Kisomali tunakisema tu, kukiandika hatukufunzwa, na Kifaransa chako sikiamini.

Umesema unataka Ladan ahamie kwako Julai, shule zikifungwa. Dagane, ulipomwacha kwangu ulisema ni wiki sita. Sasa ni miezi kumi na minne. Mtoto ana miaka tisa, ana shule, ana marafiki, ana meno mawili yaliyotoka wewe hupo. Simtoi kama kifurushi. Nieleze huo mji uko wapi, una nini, na wewe mwenyewe uko wapi ndani yake. Nikiridhika, tutazungumza.

Dada yako,
Mulki


Pont-Aubresse
20 Oktoba 2024

Dada Mulki,

Waaleikum salaam. Pole na goti. Lifunge kitambaa cha sufu, usilionee haya. Mimi mzima, ila mikono inapasuka kwa vumbi la mawe.

Umeuliza mji. Ni mji wa watu elfu mbili na kitu, umekaa kwenye kiwiko cha mto Aubresse, pale mto unapopinda kukwepa kilima cha mawe meupe. Mawe hayo ndiyo mji wenyewe: kanisa, ukuta, vizingiti, hata mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Zamani mashua zilikuja na chumvi zikarudi na ngozi, maana ng'ambo ya pili walikuwa wakitengeneza ngozi, na wazee wanasema ukiwa na mafua ulikuwa na bahati. Chumvi ilikuwa mali ya mfalme. Iliwekwa kwenye ghala lenye mlango mmoja na kufuli tatu, kila kufuli na mtu wake, kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake. Wewe wangekupa ufunguo siku hiyohiyo.

Kwenye ukuta wa ghala kila mafuriko yamechongwa mstari na mwaka wake. Mstari wa juu umenipita kichwa. Baridi imezila tarakimu, na kazi niliyopewa ni kuzichonga upya. Ni kazi ileile ya Hockley, nilipokuwa nachonga majina kwenye pete za masonara, ila pete imekuwa kubwa. Kila asubuhi navuka daraja la matao sita kwenda kazini, na jioni nalivuka tena.

Msomee Ladan haya, nimemwandikia yeye: Baba anaishi pembeni ya mto mzuri. Asubuhi mto unatoa moshi mweupe. Kuna bata wanaolala juu ya mto, na wakati wa baridi mto hupanda ngazi mpaka mlangoni kwa watu. Ukija nitakuonyesha.

Ndugu yako,
Dagane


Sparkbrook
10 Novemba 2024

Dagane,

Salamu sana. Goti linaendelea, magauni yametoka, bibi harusi mmoja alilia kwa furaha na mwingine alilia kwa sababu zipu ilikataa. Ladan hajambo. Nilimsomea ulichomwandikia, alifurahi sana kusikia habari za mto.

Barua yako ni nzuri. Ni nzuri kama vile vijitabu vya bure vinavyowekwa kwenye vituo vya treni. Nimeisoma mara tatu nikimtafuta mtu ndani yake, nikakuta mawe. Unapika wapi? Kitanda chako kinatazama nini? Jirani yako ni nani? Mfalme na chumvi yake hawatamsukia mtoto nywele.

Tena kuna jambo. Narinder wa duka la vitambaa, unamkumbuka, yule anayekata mita kwa ukarimu, aliutafuta mji wako kwenye simu yake. Daraja tukaliona, la kijivu, zuri. Alilihesabu yeye, nikalihesabu mimi, tukampa na mteja alihesabu. Dagane, lina matao matano.

Mtu anayevuka daraja kila siku asubuhi na jioni hawezi kukosea hesabu ya matao yake. Uko huko kweli? Au uko Marseille unanakili kitabu?

Mulki


Pont-Aubresse
1 Desemba 2024

Dada Mulki,

Salamu, na mpe Narinder zake, pamoja na huyo mteja aliyeingizwa kwenye kesi yangu.

Matao ni sita. Lile la sita limezikwa. Miaka zaidi ya mia mbili iliyopita walipanua gati upande wa mjini, wakajaza udongo, wakajenga nyumba juu yake. Tao likabaki chini ya nyumba likiwa zima. Ukiingia duka la mikate la Rosalie ukashuka ngazi kumi na moja, unalikuta, jiwe juu ya jiwe, na pete ya chuma ya kufungia mashua bado imo ukutani. Siku hizi inatundikiwa koti. Hakuna picha itakayokuonyesha. Hapa wageni huhesabu matano na wenyeji huhesabu sita, na ndivyo wanavyotambuana. Mwezi wa kwanza mimi pia nilisema matano, wakacheka sokoni.

Kwa hiyo nipo. Nipo zaidi ya unavyodhani.

Shule iko ng'ambo ya uwanja, ina watoto sabini tu, na mwalimu mkuu amenipa fomu, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Kiti cha Ladan wanaweza kukishikilia mpaka Mei. Baada ya hapo ni mpaka mwaka unaofuata. Nakuomba usinizungushe, Mulki. Ni mtoto wangu.

Na nijibu hili: Ladan alisema nini hasa nilipomwandikia habari za mto? Niandikie maneno yake mwenyewe, hata kama ni Kiingereza.

Dagane


Sparkbrook
5 Januari 2025

Dagane,

Heri ya mwaka wao mpya. Theluji ilianguka jana ikageuka tope kabla ya adhuhuri. Ladan ana kikohozi kidogo, si cha kukutia hofu. Alisema "nice." Hilo ndilo neno lake, "nice." Watoto wa hapa wanaelewa Kiswahili chote ila wanakujibu kwa sarafu ya nchi yao.

Tao la sita nimelikubali, kwa muda. Lakini mimi ni fundi cherehani, riziki yangu ni kuona pale uzi ulipobadilishwa. Umeandika kwamba ile pete ya chuma inatundikiwa koti. Koti la nani? Ghala la chini ya duka la mtu, gizani, ngazi kumi na moja ambazo umezihesabu moja moja. Mtu hatundiki koti mahali asipovua viatu.

Na huyu Rosalie ni nani? Umemtaja mara moja tu, haraka haraka, kama anayepita mlangoni kwa mtu anayemdai. Kama umeoa, sema umeoa. Asmahan mkeo amefariki miaka miwili sasa, Mungu amrehemu, hakuna atakayekuhukumu. Lakini sitampeleka Ladan kwa mama wa kambo ambaye jina lake nimelipata kwa bahati mbaya.

Habari ya kiti cha shule nimeisikia. Sijaijibu.

Mulki


Sparkbrook
23 Februari 2025

Dagane,

Wiki saba. Sina salamu leo.

Nilijua. Nilimwambia Narinder, huyu akibanwa hukimbia. Ulimkimbia Asmahan hospitali ukasema unatafuta maegesho. Ukamkimbia mtoto. Sasa umenikimbia mimi na karatasi.

Ramadhani inaingia wiki hii. Kama u hai, andika.

Mulki


Pont-Aubresse
9 Machi 2025

Dada Mulki,

Ramadhani njema kwako na kwa Ladan. Ni hai. Kulikuwa na shughuli nyingi. Samahani kwa kuchelewa.

Rosalie ana miaka sitini na minne. Alitoka Lubumbashi mwaka ambao mimi nilikuwa nacheza gololi Isiolo. Ana wajukuu sita na magoti mabaya kuliko lako, na ndiye mtu pekee katika mji huu ninayezungumza naye Kiswahili, ingawa chake kina njia zake. Kila asubuhi hunipa mkate na swali lilelile: "Dagane, mutoto iko wapi?" Sijaoa. Yeye pia hanitaki, amesema nimekonda.

Sasa ni zamu yangu.

Unajua Ladan alifundishwa nini na mama yake kila akienda kulala? Hukuwepo chumbani, nitakuambia. Asmahan alimfundisha Kiswahili akiwa kitandani: taa, blanketi, pazia, mto. Kwa Ladan neno mto lina maana moja tu, ule anaouweka chini ya kichwa. Kila akilala alikuwa akipiga kelele, "Baba, where's my mto?" Mto wa maji haujui. Maji anayoyajua ni ya mfereji wa Birmingham, na hayo anayaita "canal."

Nilimwandikia kwamba Baba anaishi pembeni ya mto, kwamba mto unatoa moshi, bata wanaulalia, na baridi ikija unapanda ngazi. Mulki, mtoto yule angecheka mpaka akose pumzi. Angekuuliza maswali mpaka umfukuze jikoni. Sikuandika kama mtego, naapa, niliandika tu nikimfikiria. Lakini uliponiambia "alifurahi sana kusikia habari za mto" nilishuku. Nilikuuliza tena. Ukaniletea "nice."

Hukumsomea. Barua hata moja. Sivyo?

Dagane


Sparkbrook
16 Machi 2025

Dagane,

Nakuandikia nimefunga, kwa hiyo nitauzuia ulimi.

Kabla ya kusoma nilimwambia kwamba mto hapa maana yake ni "river." Kumweleza mtoto maana ya neno kumekuwa kosa tangu lini? Na wewe unayenifanyia upelelezi wa maneno, hebu nikuulize. Barua yako ya mwisho umeiandika juu ya karatasi ya kufungia mkate. Ina mafuta kwenye pembe. Kalamu ya wino umeiacha, umetumia penseli. Daftari lako zuri la mistari limekwenda wapi? "Kulikuwa na shughuli nyingi." Wiki saba za shughuli gani kwa mtu anayechonga tarakimu?

Nakuuliza kwa mara ya nne, na hii ndiyo ya mwisho. Unalala wapi?

Mulki


Pont-Aubresse
24 Machi 2025

Dada Mulki,

Kuhusu mto, sitabishana nawe. Wewe na Mola wako mnajua. Nitakujibu ulichouliza.

Koti ni langu. Tangu nilipofika nilikuwa nalala ndani ya tao la sita. Rosalie alikuwa akiweka magunia ya unga pale. Alinipa nafasi bure, nikaweka godoro, taa, na jiko dogo la umeme. Ukuta ulikuwa ukitoa jasho, na nguo zangu zilinuka ukungu hadi nikawa nasimama mbali na watu. Ningekuandikia nini? Ungesema, mtu anayelala chini ya daraja anataka kupewa mtoto. Na ungesema kweli.

Tarehe ishirini na saba Januari, asubuhi nikivaa viatu, maji yaliingia. Hayakupitia mlangoni. Yalipanda kutoka sakafuni, kati ya jiwe na jiwe, bila sauti. Nilibeba vyombo vya kazi nikapanda navyo, nikarudi kufuata mkoba wa vitabu, na niliporudi tena yalikuwa kiunoni na Rosalie alikuwa amesimama juu ya ngazi akinipigia kelele: "Dagane, panda juu! Acha ile bintu! Mutoto atabakia na nani?"

Nikapanda. Godoro, daftari, barua zako zote, viliondoka na mto. Siku tano mji mzima ulikuwa juu ya meza. Baadaye nikapata homa ya mapafu, wiki mbili na nusu kitandani kwa wajukuu wa Rosalie, nikinyweshwa mchuzi kama mtoto. Ndizo shughuli nyingi.

Sasa niko ghorofa ya juu ya duka. Vyumba viwili, nalipa kodi, nina risiti yenye jina langu. Kimoja kinatazama uwanja na shule, na hicho sijakitia kitu. Hapa wana desturi: mstari wa mafuriko mapya huchongwa na yule aliyekuwa analala chini kuliko wote. Meya na mapambo yake alisimama pale, wakanipa mimi patasi. Nimeandika 2025 kwenye ukuta wa ghala la chumvi, Mulki.

Najua unachokiona kila ukifungua bahasha yangu. Unaiona ile siku nilipomsahau Ladan shuleni, mpaka mlinzi akakupigia wewe. Mimi pia naiona. Na Asmahan sikumkimbia kwa sababu sikumpenda. Nilikaa ndani ya gari maegeshoni saa nzima kwa sababu nilijua nikiingia nitamkuta amekufa, na nisipoingia bado yu hai. Nilikuwa mwoga, hilo sikatai.

Sijui kama hayo yanatosha. Lakini sina tena nilichoficha.

Dagane


Sparkbrook
6 Aprili 2025

Ndugu yangu Dagane,

Idi Mubarak, ingawa imepita. Nashukuru Mungu kwa kifua chako, na kwa magoti ya Rosalie yaliyompeleka hadi ile ngazi. Mwambie nimesema hivyo.

Sikumsomea. Hata moja. Kila ilipokuja barua niliisoma peke yangu dukani, nikaitia kwenye mkebe wa vifungo, nikaenda kumchukua shule. Alikuwa akiniuliza kila Jumamosi, "Did Baba write?" Nikasema bado. Kufikia Januari aliacha kuuliza, na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Nilijiambia namkinga, kwamba wewe utamchukua, utachoka, utamsahau tena mlangoni kwa mtu. Nusu ya hayo ni kweli. Nusu ya pili ni kwamba mimi sina mtoto, Dagane, na nyumba hii ilikuwa kimya miaka ishirini kabla yake. Niliiba. Sina neno jingine.

Siku ya pili ya Idi nilikaa naye kitandani nikamsomea zote. Nilianza na ile ya Oktoba. Alinikatiza palepale, kwa lile neno la Kisomali analoniitia shangazi: "Edo, why is the pillow smoking?" Nikamweleza. Nilingoja acheke kama ulivyosema. Hakucheka. Alinichukulia karatasi mkononi akatazama juu kabisa, pale penye tarehe.

"This says October."

Nikasema ndiyo.

"You said he didn't write."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na sababu zangu zote zimepangwa, lakini hakuzingoja. Alizikusanya barua akazitia kwenye mkoba wake wa shule na humo ndimo zilipo. Anazisoma mwenyewe, kidole chini ya neno, Kiswahili hicho tulichodhani hawezi kukisoma. Siku nne hakunipa ila "yes" na "no." Chakula anakula, shukrani anatoa, lakini anapopita karibu nami ananipisha kama mtu asiyemjua.

Jana alikuja dukani baada ya madrasa, akasimama mbele ya cherehani mpaka nikaizima. Akauliza neno moja, "When?" Nikamwambia, "Nitamuuliza baba yako."

"No," akasema. "I'll ask him."

Fomu ya shule nimeijaza upande wa mlezi na kuitia sahihi, imo humu. Tiketi nitakata mimi, nitamleta mwenyewe na nitakaa siku tatu, nimwone huyo Rosalie na chumba kinachotazama uwanja. Ukinikataza nitakuja vivyo hivyo.

Bahasha ndogo iliyomo ndani ya hii ni yake. Aliifunga mezani mbele yangu, kwa gundi kwanza, halafu selotepu mara tatu, kila pembe, akiniangalia usoni muda wote ili nione inavyofungwa. Ukimjibu, andika jina lake juu, si langu. Nitaipokea mlangoni na kumpa kama ilivyo.

Yake sikuifungua, Dagane. Angalia selotepu.

Dada yako,
Mulki